Mdogo wangu ana VVU na yuko kwenye methadoni: aanze dawa za kinga ya TB sasa, au asubiri aache unga?

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 29. Ana VVU, ARV alianza mwaka jana. Huu ni mwezi wa nne anakwenda kunywa methadoni, ile dawa ya kuachia unga (heroini), kila asubuhi, lakini sitakudanganya, bado kuna siku anapita maskani na kuvuta. Mwezi uliopita kijana mmoja anayekaa naye geto alikutwa na TB. CTC, kliniki yake ya VVU, wakampa mdogo wangu vidonge vya kuzuia TB. Mpaka leo hajaanza. Wenzake wanamwambia dawa za TB zinaua methadoni, atapata arosto, yale mateso ya kukosa unga. Tena alipimwa akakutwa na homa ya ini C, wanasema ini lake halitavihimili. Na mhudumu mmoja alimwambia aache unga kabisa kwanza ndipo azungumzie hivyo vidonge. Mimi nina watoto wawili, wa mwisho ana miaka mitatu, na mjomba wao huja kulala kwetu. Nishike lipi? Dada mtu, Dar es Salaam.

JIBU: Marahaba, dada yangu. Nashukuru umelitaja lile la maskani bila kuficha, maana bila hilo ningekujibu mambo ya kitabuni tu.

Jibu langu ni hili: asisubiri. Wiki hii hii achunguzwe kama ana TB yenyewe. Akionekana hana, aanze vidonge vya kinga hapo hapo, akiwa vile vile alivyo, na kila dozi aimezee dirishani anaponywea methadoni, muuguzi akimwona. Yote nitakayoandika kuanzia hapa ni sababu za jibu hilo, pamoja na mambo ya kuangalia ili asije akadhurika njiani.

Tuanze na kwa nini yeye hasa. Vimelea vya TB husafiri kwa hewa. Mtu mwenye TB ya mapafu akikohoa au hata akiongea ndani ya chumba kilichofungwa, vimelea hubaki vikielea kwa saa kadhaa kama moshi wa sigara ambao mvutaji wake ameshaondoka. Wengi wanaovivuta hawaugui. Mwili huvidhibiti, vikalala humo kwa miaka. Inakadiriwa kuwa karibu robo ya watu wote duniani wamebeba vimelea vilivyolala namna hiyo, na kwa mwenye kinga nzima uwezekano wa kuugua maishani mwake mwote ni asilimia 5 hadi 10. Kwa mwenye VVU asiyetumia ARV, hatari hiyo ya maisha mazima inaweza kumfika ndani ya mwaka mmoja tu. ARV huishusha kwa takriban theluthi mbili, na hiyo ni kazi kubwa, ila bado kinachobaki ni kikubwa kuliko cha mtu asiye na VVU. Mwaka 2023 TB iliua watu wapatao milioni 1.25 duniani, na 161,000 kati yao walikuwa na VVU.

Sasa ongeza geto. Chumba kimoja, vijana kadhaa, dirisha limezibwa ili moshi na macho ya watu visipite, wanavuta pamoja kwa saa nyingi, wengine wanalala humo humo, wengine wametoka mahabusu juzi. TB haihitaji zaidi ya hapo. Mwaka 1989 madaktari wa Bronx, New York, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu waliokuwa kwenye mpango wa methadoni. Kati ya wenye VVU 49 ambao kipimo cha ngozi kilionyesha wamebeba vimelea, 7 waliugua TB ndani ya miaka miwili hivi. Wasio na VVU wa mpango huo huo walikuwa zaidi ya 300, na hakuna hata mmoja aliyeugua. Hapa Dar es Salaam, uchunguzi wa watu walio kwenye methadoni uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta asilimia 4 wana TB, zaidi ya mara 20 ya kiwango cha Watanzania kwa jumla kilichokuwa kikikadiriwa wakati ule. Mdogo wako ana VVU, ametumia unga, na amelala chumba kimoja na mgonjwa. Sioni mtu anayestahili vidonge hivyo kuliko yeye.

Ndiyo maana lile agizo la "acha unga kwanza" limenisumbua kuliko yote uliyoandika. Halina msingi. Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa yanayoshughulikia dawa za kulevya na UKIMWI, yalitoa mwongozo kuhusu jambo hili mwaka 2008 na kuupitia upya mwaka 2016, na msimamo ni mmoja: kutumia dawa za kulevya si sababu ya kumnyima mtu matibabu ya VVU wala kinga ya TB. Na hebu tulipime kwa akili ya kawaida. Uraibu wa heroini ni ugonjwa wa muda mrefu, mtu hupanda na kuteleza na kupanda tena. Mwezi wa nne wa methadoni, kuteleza siku moja moja ni jambo tunaloliona kwa wengi ambao baadaye hutulia kabisa. Vimelea alivyovivuta geto havimsubiri atulie. Tena hatari ya kuugua huwa kubwa zaidi katika miaka miwili ya kwanza baada ya kuambukizwa, yaani hii hii anayoambiwa akae asubiri.

Wanaotoa agizo hilo mara nyingi wanahofia jambo moja: mtu wa maskani hatamaliza dozi. Hofu hiyo ina jibu, nalo limeshapimwa. Mwaka 2002 watafiti wa San Francisco walichapisha jaribio lao kwa watu wanaojidunga. Waliopewa isoniazidi, dawa ya kinga ya TB, kwa utaratibu wa kawaida, chukua vidonge nenda nyumbani, waliomaliza walikuwa asilimia 13 hivi. Waliomezeshwa vidonge hivyo hivyo mahali wanaponywea methadoni, wakipata na ushauri, waliomaliza walikuwa asilimia 77. Watu walikuwa wa aina moja na dawa ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kwamba waliimezea kwenye huduma ya methadoni, wakisimamiwa na kushauriwa. Tangu kliniki ya kwanza ya methadoni nchini ifunguliwe Muhimbili mwaka 2011, utaratibu wetu umekuwa kunywa dozi mbele ya mhudumu kila siku ya Mungu, na kliniki kadhaa hutoa ARV na dawa za TB papo hapo. Kijana anayepanda daladala kila asubuhi kufuata kikombe chake ana nidhamu ya kutosha kumeza kidonge kimoja zaidi. Tatizo huja tunapomwambia methadoni ni hapa, ARV ni jengo lile, za TB uje Alhamisi.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuomba ni hilo. Mwende pamoja kliniki ya methadoni, mwonyeshe vidonge alivyopewa CTC, na muulize kama vinaweza kuhifadhiwa na kumezewa pale. Wengi watakubali, maana nao wanapenda kuona anamaliza.

Kabla ya kidonge cha kwanza lakini, lazima tujue kwamba hana TB yenyewe. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanaotumia unga wanapopotea.

Uchunguzi wa kawaida kwa mwenye VVU ni maswali manne: una kikohozi, hata cha siku moja? Una homa? Unatoka jasho jingi usiku? Umepungua uzito? Akijibu hapana yote manne, uwezekano wa kuwa na TB ni mdogo na anaweza kuanza kinga. Jibu la ndiyo hata kwa moja tu linampeleka kwenye vipimo. Sasa fikiria maswali hayo kwa mdogo wako. Heroini na methadoni, kama ilivyo kwa dawa zote za jamii ya afyuni, hutuliza kikohozi. Mtu anaweza kuwa na mapafu yaliyoanza kuliwa na kikohozi chake kikawa kidogo tu, cha asubuhi kabla ya dozi. Jasho la usiku analijua tangu zamani, ni arosto. Kukonda ni unga, kila mtu mtaani anajua. Homa ni malaria, au ni ile hali ya mwili kabla ya kikombe. Kila dalili ya TB ina maelezo mengine tayari, na yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kuyatoa, na mhudumu aliyechoka anayapokea. Nimeshuhudia watu wakifika na TB iliyokomaa wakisema kwa dhati kabisa kwamba hawana kikohozi.

Msaidie hapo, wewe unayemwona akilala. Je, jasho linakuja hata siku ambazo amekunywa methadoni yake kamili? Arosto hutulia mtu akishapata dozi, TB haitulii. Je, suruali zinaendelea kulegea ingawa sasa anakula? Mtu aliyeanza methadoni kwa kawaida hunenepa. Akiendelea kukonda ana sababu nyingine, na sababu hiyo itafutwe. Kikohozi kimebadilika, kimekuwa na makohozi, au na damu? Yaandike haya, mpeleke nayo.

Dalili ikiwepo, atatoa makohozi yapimwe kwa mashine ya GeneXpert, ambayo kwa muda wa saa mbili hivi inaonyesha kama kuna vimelea na kama vimeshakuwa sugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za kutibu TB. Makohozi yawe makohozi ya kweli, ya kutoka kifuani, wala si mate. Atolee nje penye hewa, wala si chooni. Picha ya kifua inasaidia sana, hasa kwa mtu ambaye kikohozi chake kimetulizwa na methadoni, na mimi ningeiomba hata kama maswali manne yote amejibu hapana, maadamu amelala na mgonjwa na huduma ipo karibu. Kama kinga yake imeshuka sana, makohozi na picha vyote vinaweza kuonekana safi ilhali TB ipo. Kwa watu wa namna hiyo kuna kipimo cha mkojo kiitwacho LAM, kinachosaidia hasa CD4 (chembe za kinga zinazohesabiwa kwenye damu) zikiwa chini ya 200 kwa aliyelazwa, au mtu akiwa na dalili au hali mbaya. Kwa hiyo muulizeni CD4 zake ni ngapi.

Msukumo huu wa kupima kwanza una sababu. Anayeugua TB ana vimelea vingi mno mwilini na hutibiwa kwa dawa nne kwa pamoja, kwa sababu daima vipo vichache visivyosikia dawa moja. Ukimpa isoniazidi peke yake, vinavyoisikia vitakufa, vile visivyoisikia vitabaki na kujaza nafasi, na sasa ana TB sugu. Kwa asiyeugua, mwenye vimelea vichache vilivyolala, isoniazidi peke yake inatosha. Kipimo cha ngozi si lazima. Kwa mwenye VVU kinga hutolewa bila kukisubiri.

Tuje kwenye arosto. Wenzake hawajatunga uongo, ila wamechanganya dawa. Dawa inayoshusha methadoni inaitwa rifampisini. Inaliamsha ini litengeneze kwa wingi vile vimeng'enya vinavyoisafisha methadoni mwilini, na kiwango cha methadoni kwenye damu kinaweza kushuka kwa theluthi moja hadi theluthi mbili. Mtu aliyekuwa ametulia anaanza kupiga miayo, pua inatiririka, mifupa inauma, hapati usingizi, siku chache hadi wiki mbili baada ya kuanza. Rifampisini imo ndani ya vidonge vya mchanganyiko vya kutibu TB, na bila shaka kuna mwenzao aliyewahi kutibiwa TB pasipo mtu kumpandishia methadoni, akateseka, akarudi kwenye kete. Habari yake ndiyo inayozunguka maskani. Ni habari ya kweli na ya kuhuzunisha, maana dawa yake ilikuwa nyepesi: kupandisha dozi ya methadoni hatua kwa hatua kwa kadiri ya dalili zake.

Isoniazidi haifanyi hivyo. Kama vidonge alivyopewa mdogo wako ni isoniazidi peke yake, kidonge kimoja cha miligramu 300 kila siku kwa miezi 6, methadoni yake haitaguswa. Soma boksi. Limeandikwa isoniazid pekee? Basi hofu ya arosto iondoke leo.

Kama ni kozi fupi, ile ya mara moja kwa wiki kwa wiki 12, ndani yake kuna isoniazidi na rifapentini. Rifapentini ni ya kundi moja na rifampisini, nayo huliamsha ini, ila kwa kuwa inamezwa mara moja kwa wiki athari yake kwa kawaida ni ndogo. Wengi walio kwenye methadoni huimaliza bila shida. Wachache huhitaji nyongeza kidogo. Sharti ni kwamba kliniki ya methadoni ijue siku anayoanza na siku anayomaliza. Siku ya kumaliza ni muhimu kama ya kuanza, na ndiyo inayosahaulika: dawa hizi zikikoma, ini hurudi taratibu hali yake ya zamani kwa muda wa wiki mbili hivi, na kama methadoni ilipandishwa halafu ikaachwa juu, dozi iliyokuwa inamtosha sasa inamzidi. Anasinzia akiwa wima, pumzi zinapungua. Mtu anaweza kufa hivyo. Hatari hiyo hiyo inamkabili akiona arosto akaamua kuiziba kwa kuvuta au kujidunga juu ya methadoni. Mwambie wazi: akijisikia arosto baada ya kuanza dawa yoyote mpya, aende dirishani aseme, asiende maskani.

ARV nazo zina sauti hapa. Wengi sasa wanatumia kidonge chenye dolutegraviri, maarufu kama TLD. Dolutegraviri haina ugomvi na methadoni, na kwa ile kozi ya kila wiki inaendelea kumezwa mara moja kwa siku kama kawaida. Ingekuwa rifampisini ya kila siku, ingebidi dolutegraviri imezwe mara mbili kwa siku. Walio kwenye dawa za mstari wa pili, kama lopinaviri au atazanaviri, hawapewi rifapentini. Wao isoniazidi ndiyo yao. Mwenye kutumia efavirenzi ajue kwamba hiyo peke yake hushusha methadoni. Kwa hiyo jina la ARV yake liandikwe kwenye karatasi ile ile yenye dozi yake ya methadoni.

Kozi ipi bora? Mimi nikiwa na uhuru wa kuchagua, na mtu anakunywa methadoni kila siku dirishani, ananywa TLD, basi kozi ya wiki 12 naipenda: ni dozi 12 badala ya 180, na shida kwa ini hupungua ukilinganisha na isoniazidi ya miezi 6. Lakini isoniazidi iliyopo mkononi leo ni bora kuliko kozi fupi ambayo kituo kitaileta mwezi ujao. Utafiti mkubwa wa Côte d'Ivoire ulionyesha, katika matokeo ya muda mrefu yaliyochapishwa mwaka 2017, kwamba miezi 6 ya isoniazidi ilipunguza vifo vya watu wenye VVU kwa asilimia 37, hata kwa walioanza ARV mapema wakiwa na CD4 nyingi. Kidonge hicho ni cha zamani na bei yake ni ndogo, na bado kinaokoa watu.

Sasa ini. Kukutwa na homa ya ini C si kizuizi peke yake. Kinachozuia ni ini linalougua wazi wazi kwa sasa: macho ya manjano, tumbo kujaa maji, vipimo vilivyopanda sana. Kinachozuia kingine ni pombe nyingi ya kila siku, na hapa naomba umuulize bila ukali, kwa sababu wapo wanaopunguza unga wakahamia kwenye pombe kali na gongo, na pombe pamoja na isoniazidi ndivyo vinavyoharibu ini kuliko homa ya ini C yenyewe. Aombe kipimo cha ini kabla ya kuanza, kirudiwe baada ya mwezi, kisha kwa kadiri daktari atakavyoona. Vimeng'enya vya ini vikipanda zaidi ya mara tatu ya kawaida na ana dalili, au mara tano hata bila dalili, dawa husimamishwa. Mitishamba ya "kusafisha ini" aiache wakati huu.

Na hapa tena arosto inatuchanganya. Dalili za ini kudhurika ni kukosa hamu ya kula, kichefuchefu, kutapika, uchovu usio wa kawaida, maumivu chini ya mbavu za kulia. Mraibu akitapika, kila mtu husema arosto. Kwa hiyo kanuni yake iwe hivi: akitapika au akikosa hamu ya chakula kwa siku mbili ilhali amekunywa methadoni kamili, asimeze kidonge cha kinga siku hiyo, aende apimwe ini. ARV na methadoni aendelee nazo mpaka daktari aseme vingine. Akiwa kwenye rifapentini, mkojo, jasho na machozi vitakuwa na rangi ya machungwa. Hiyo ni rangi ya dawa, asiogope. Kinachoogopesha ni weupe wa macho kugeuka manjano.

Isoniazidi pia inaweza kuleta ganzi na hisia ya moto nyayoni, hasa kwa mwenye VVU, mnywaji, au asiyekula vizuri. Hukingwa kwa vitamini B6, miligramu 25 kwa siku, na inapaswa kutolewa pamoja na vidonge vile. Kama hawakumpa, aidai.

Akikosa dozi siku moja mbili, aendelee. Asimeze mbili kwa mpigo kufidia, na asidhani ameharibu yote. Dozi za miezi 6 zinaweza kumalizwa ndani ya miezi 9. Hatari kubwa zaidi kwake ni kukamatwa. Kijana wa maskani anaweza kuchukuliwa kwenye msako jioni, na kesho yake methadoni, ARV na kinga vimekatika vyote kwa pamoja, tena akiwa kwenye chumba chenye msongamano ambacho ndicho TB inakipenda. Weka nyumbani picha ya kadi yake ya CTC na ya kliniki ya methadoni. Likitokea, nenda kliniki siku hiyo hiyo uwaambie. Wahudumu na waelimisha rika wengi wana njia ya kufuatilia vituoni na magerezani, ila hawawezi kufuatilia wasilolijua.

Kuhusu watoto wako, pumua kidogo. Mwenye vimelea vilivyolala hamwambukizi mtu yeyote, na mjomba wao asiyeugua anaweza kuendelea kuja, kula nao sahani moja na kuwabeba. TB haiendi kwa vyombo wala mashuka. Kinachobadilisha mambo ni vipimo vyake vikionyesha anaumwa. Hapo watoto wote wawili, na wewe, mtachunguzwa, na huyo wa miaka mitatu akiwa mzima atapewa kinga yake mwenyewe, maana chini ya miaka mitano TB hukimbilia kwenye ubongo na damu haraka. Chanjo ya BCG aliyochomwa alipozaliwa inamkinga dhidi ya aina hizo kali, ila si kikamilifu. Kuna vidonge vya watoto vinavyoyeyuka kwenye maji, vya miezi mitatu. Mpaka majibu yatoke, mjomba alale chumba cha peke yake au sebuleni madirisha yakiwa wazi. Hakuna haja ya kumfukuza.

Limebaki jambo moja ambalo hukuliuliza, na linaweza kubadilisha dawa yenyewe. Yule kijana wa geto ana TB ya aina gani? Kama ni ya kawaida, yote niliyosema yanasimama. Kama ni sugu kwa isoniazidi na rifampisini, vidonge alivyonavyo mdogo wako havitamkinga dhidi ya vimelea hivyo, na tangu mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dawa nyingine, levofloksasini, kwa miezi 6. Kituo kinachomtibu kijana huyo kina jibu la GeneXpert yake, na kinapaswa kuwatafuta wote aliokuwa analala nao, si mdogo wako peke yake. Vijana wa geto hawatajipeleka wenyewe, wanaogopa polisi na wanaogopa maneno. Mwelimisha rika wa kliniki ya methadoni anaweza kwenda hadi pale bila kumtisha mtu. Mkifika wiki hii, ulizeni jina lake, mwelekezeni geto lilipo, na mwambie mdogo wako atangulie naye.